Ahadi ni Deni: Hesabu Tatu za Stoo ya Kikundi

(Hotuba kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, Lindi, Kibera)



Tumeombwa tuzungumze juu ya stoo. Pengine wengine wenu mnajiuliza, "Stoo? Si kufuli na ufunguo tu?" Na tena hapa Lindi, kama ilivyo kwa majirani zetu wa Silanga na Makina, na kwa wenzetu wa Kawangware, stoo ya kikundi mara nyingi ni sanduku la bati, au pembe moja ya chumba cha mweka hazina. Lakini hata kama ni pembe ya chumba, ndani yake mna jasho la watu wengi. Mna viti vya kukodisha, tenti, masufuria makubwa, masweta ya shule, majora ya vitambaa, sabuni ya kuuza. Kwa hivyo inafaa tujue kuitunza.

Katika kazi yetu ya maendeleo ya jamii tumeona kwamba kikundi kinaweza kuvunjika bila mtu yeyote kuiba hata shilingi moja. Vitu vipo vyote, pesa ipo yote, lakini watu hawasalimiani. Sababu ni nini? Mara nyingi ni hii: kitu kimoja kimeahidiwa watu wawili. Au kitu kiliahidiwa mtu kabla hakijafika, kisha hakikufika. Mama ametoa pesa yake mwezi wa Novemba, na Januari mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu hana sweta. Huyo mama hatasema, "Daftari lao lilikuwa na kasoro." Atasema, "Hao ni wezi." Na jina la kikundi likishaharibika mtaani, kulisafisha ni kazi ya miaka.

Leo tutazame jinsi programu za kompyuta za kutunza stoki zinavyozuia jambo hili. Msiogope neno kompyuta. Kile inachofanya programu ni kitu ambacho kila kikundi kinaweza kukifanya kwa kalamu na daftari. Tukielewa kazi yenyewe, kompyuta ikija itatukuta tuko tayari. Tusipoelewa, hata kompyuta ya bei ghali itatudanganya.

HESABU MOJA HAITOSHI

Wengi wetu tukiulizwa, "Mna masweta mangapi?" tunafungua sanduku na kuhesabu. Tunasema, "Sitini." Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika. Haitwambii ni mangapi kati ya hayo yana wenyewe tayari. Haitwambii ni mangapi yako njiani yanakuja. Macho huona kilichomo sandukuni, lakini macho hayaoni ahadi.

Programu nzuri ya stoo huandika hesabu tatu kwa kila aina ya kitu:

1. VILIVYOPO. Hivi ni vitu tunavyoweza kuvigusa kwa mkono leo. Hata kama mtu amevilipia nusu, maadamu bado viko kwetu, vinahesabiwa hapa.

2. VILIVYOAGIZWA. Hivi ni vitu tulivyoweka oda kwa fundi au kwa duka la jumla, lakini havijafika. Hata kama tumelipa, bado si vyetu vya kugawa. Viko njiani.

3. VILIVYOAHIDIWA. Hivi ni vitu vilivyokwisha kuwekewa mtu. Vinaweza kuwa bado viko sandukuni, lakini vina mwenyewe. Sisi ni walinzi wake tu.

Kutokana na hesabu hizi tatu, programu hutoa majibu mawili. Jibu la kwanza ni VILIVYO HURU: chukua vilivyopo, toa vilivyoahidiwa. Hivi ndivyo tunavyoweza kumwuzia mtu anayesimama mlangoni sasa hivi. Jibu la pili ni TUTAKAVYOKUWA NAVYO: chukua vilivyopo, ongeza vilivyoagizwa, toa vilivyoahidiwa. Hivi ndivyo vitakavyobaki mkononi kama kila oda itafika na kila ahadi itatimizwa.

Programu kubwa zinazotumiwa na maduka na viwanda hufuata njia hii, ingawa kila moja ina majina yake. Programu ya Odoo, iliyotengenezwa Ubelgiji, humwonyesha mwenye duka vitu vilivyo mkononi, vinavyoingia, vinavyotoka, na makadirio ya vitakavyokuwapo. QuickBooks ya Marekani, ambayo wahasibu wengi hapa Nairobi wanaifahamu, ina matoleo yanayoonyesha vilivyopo, vilivyo kwenye oda za wateja, na vilivyo kwenye oda za ununuzi. Majina ni tofauti, hesabu ni ile ile.

TUCHUKUE MFANO WA MASWETA

Hebu tufanye hesabu pamoja. Wenye kalamu waandike.

Tuseme kikundi kinauza masweta ya shule. Sandukuni mna masweta 60. Wazazi 45 wametanguliza pesa, kila mmoja amewekewa sweta moja. Tena kikundi kimeagiza masweta 40 kwa mafundi wa kufuma. Basi vilivyopo ni 60, vilivyoagizwa 40, vilivyoahidiwa 45. Vilivyo huru ni 60 kutoa 45, yaani 15. Tutakavyokuwa navyo ni 60 kuongeza 40 kutoa 45, yaani 55.

Sasa mwalimu mkuu wa shule moja anakuja, anataka masweta 30 leo, na pesa taslimu anayo. Katibu asiye na hesabu tatu atafungua sanduku, ataona 60, atafurahi na kuuza. Kumbe ameuza masweta 15 ya wazazi! Lakini katibu mwenye hesabu tatu atasema, "Mwalimu, leo naweza kukupa 15. Mengine yako kwa mafundi, hayajafika. Ukitaka nitaandika jina lako." Mwalimu huenda akanung'unika kidogo, lakini ameambiwa ukweli. Tuseme ameamua kungoja yote kwa pamoja.

Wiki ya pili mafundi wanaleta mzigo, lakini ni masweta 25 tu, si 40. Tufanye nini? Vilivyopo vinapanda kutoka 60 hadi 85. Vilivyoagizwa vinashuka kutoka 40 hadi 15, kwa maana 15 bado tunadai. Vilivyoahidiwa ni 45 vile vile. Vilivyo huru sasa ni 40. Na tutakavyokuwa navyo? 85 kuongeza 15 kutoa 45, ni 55 kama mwanzo. Kufika kwa mzigo hakukubadilisha jumla hiyo, kwa sababu tulikwisha kuuhesabu siku tulipouagiza. Hapa ndipo vikundi vingi hukosea: mzigo ukifika nusu, watu hufuta oda yote daftarini, na yale masweta 15 tuliyodai husahauliwa. Fundi naye hatakukumbusha!

Wiki ya tatu wazazi 20 wanakuja kuchukua masweta yao. Vilivyopo vinashuka kutoka 85 hadi 65. Vilivyoahidiwa vinashuka kutoka 45 hadi 25. Vilivyo huru ni 40, havikubadilika. Ni sawa kabisa, maana masweta yaliyotoka hayakuwa huru hata kidogo. Yalikuwa na wenyewe. Mkiona vilivyo huru vimepungua siku mzazi anapochukua sweta lake, jueni mtu amesahau kufuta ahadi, na sweta moja limetolewa mara mbili katika hesabu.

Kisha wazazi 5 wanasema hawataki tena, watoto wamehamia shule nyingine. Hakuna sweta lililotembea, lakini hesabu inabadilika: vilivyoahidiwa vinakuwa 20, vilivyo huru 45. Mwisho, mafundi wanatuma ujumbe kwamba yale 15 hayatapatikana. Vilivyoagizwa vinakuwa sufuri. Tutakavyokuwa navyo ni 65 kutoa 20, yaani 45.

Sasa mwalimu mkuu anaweza kupewa masweta yake 30 yote, yanabaki 15 ya kuuza, na wazazi 20 waliobaki watayakuta masweta yao. Hakuna aliyedanganywa.

TUSIAGIZE MARA MBILI

Faida ya pili ni ya mfuko. Mtu akiangalia sanduku tu, huona vitu vimepungua na kukimbilia kuagiza, kumbe mwenzake aliagiza juma lililopita. Mzigo unafika mara mbili, pesa ya kikundi imelala sandukuni, na siku ya kugawana akiba hakuna cha kugawana. Nguo hupitwa na wakati, panya nao hawana huruma.

Wenzetu wanaoendesha zahanati wanalijua jambo hili zamani, hata kabla ya kompyuta kufika kwao. Kanuni yao ya kuagiza dawa ni hii: chukua kiwango cha juu ulichokipanga, toa dawa zilizopo, toa na zile zilizoagizwa ambazo hazijafika. Kinachobaki ndicho cha kuagiza. Zahanati za makanisa hapa Kenya huagiza dawa kutoka MEDS, shirika lililoanzishwa mwaka 1986 na Kanisa Katoliki pamoja na jumuiya ya afya ya makanisa mengine ya Kikristo, CHAK. Muuguzi akisahau kutoa zile zilizo njiani, atapata dawa nyingi kupita kiasi, na dawa zina tarehe ya kuharibika.

Sisi wenye wateja waliotanguliza pesa tunaongeza jambo moja tu: tunahesabu na ahadi. Kwa hivyo kikundi kinachotaka kuwa na masweta 100 ya kuuza kisitazame sanduku. Kitazame tutakavyokuwa navyo. Kama ni 55, agizeni 45, basi.

LINDI NYINGINE INATUFUNDISHA

Pengine mnajua iko Lindi nyingine, kule kusini mwa Tanzania, ufukoni mwa bahari. Huko Lindi Vijijini, pamoja na wilaya za Ulanga na Kigoma Vijijini, yalifanyika majaribio mwaka 2009 na 2010 yaliyoitwa SMS for Life. Wizara ya Afya ya Tanzania ilishirikiana na mpango wa kimataifa wa kupambana na malaria, Roll Back Malaria, na makampuni ya Novartis, Vodafone na IBM. Vituo vya afya 129 viliulizwa kwa ujumbe wa simu kila wiki: "Mna dawa ngapi za malaria?" Mhudumu alijibu kwa simu yake mwenyewe, simu ya kawaida tu, na ofisi ya wilaya ikaona hesabu yote mahali pamoja.

Mwanzoni, asilimia 78 ya vituo hivyo vilikuwa vimeishiwa na dawa moja au zaidi kati ya zile zilizoulizwa. Baada ya wiki 21 ilikuwa asilimia 26. Na katika Lindi Vijijini, asilimia 57 ilishuka mpaka sufuri. Pale ambapo kituo kimoja kilikuwa na dawa nyingi na cha jirani hakina kitu, wilaya iliweza kuzihamisha.

Tunajifunza nini? Kwanza, chombo hakikuwa cha ajabu. Ilikuwa simu ambayo kila mmoja wenu anayo mfukoni. Nguvu ilikuwa katika kuuliza kila wiki bila kukosa, na katika kuwa na mtu wa kuisoma hesabu na kuchukua hatua. Pili, wao walianza na hesabu ya kwanza tu, ya vilivyopo, na hiyo peke yake ikasaidia namna hiyo. Sisi tukiongeza ya pili na ya tatu, je?

VITU VYA KUKODISHA VINA TAREHE

Sasa, wale wenye viti na tenti watasema, "Sisi hatuuzi, tunakodisha." Ni kweli. Viti vyenu 150 vinatoka na kurudi. Kwenu ahadi huenda na tarehe. Swali si "Mna viti vingapi?" Swali ni "Jumamosi ipi?"

Kwa hivyo msiandike vilivyoahidiwa kwa jumla. Chukueni kalenda, na kila siku iwe na mstari wake. Jumamosi ya kwanza ya mwezi: viti 100 vimeahidiwa harusi, vilivyo huru 50. Mtu akija na shida ya matanga akitaka viti 80 siku hiyo hiyo, atajua mapema kwamba atapata 50 hapa, na 30 atafute kwa kikundi cha jirani. Hilo ni bora kuliko kumwaibisha mbele ya wageni waliotoka mashambani. Tena wekeni siku ya kurudisha na kuvikagua. Kiti kilichovunjika mguu bado kiko stoo, lakini hakiwezi kuahidiwa mtu. Kiandikwe kando mpaka kitengenezwe.

JINSI YA KUANZA

Msingoje kompyuta. Anzeni hivi:

1. Kila aina ya kitu iwe na ukurasa wake katika daftari. Chorweni safu hizi: tarehe, jambo lililotokea, vilivyopo, vilivyoagizwa, vilivyoahidiwa, vilivyo huru.

2. Kila jambo liandikwe siku ile ile lilipotokea. Kuagiza, kupokea, kuahidi, kukabidhi, kufuta ahadi na kufuta oda, yote sita yana mstari wake. Mkiuza kwa pesa taslimu papo hapo, hicho nacho kiandikwe.

3. Kila ahadi iwe na jina, idadi, pesa iliyotangulizwa, na siku ya mwisho ya kuchukua. Kama mtu amelipa kwa M-Pesa, andikeni ile namba ya ujumbe wa malipo. Maneno ya mdomo husahaulika, namba haisahauliki.

4. Kila oda iwe na tarehe tuliyoambiwa itafika. Tarehe ikipita, mtu mmoja apewe kazi ya kwenda kuuliza. Oda iliyokufa ifutwe. Kuiacha daftarini ni kujipa matumaini ya uongo.

5. Mara moja kwa mwezi, watu wawili ambao si watunza stoo wahesabu vitu kwa mkono na kulinganisha na daftari. Tofauti iandikwe na iulizwe kwa upole, mbele ya wote.

6. Kikundi kikubaliane mapema: je, tutaahidi vitu ambavyo havijafika? Kama ndiyo, mteja aambiwe wazi kwamba anangoja mzigo, na ajue pesa yake itarudishwa lini kama mzigo hautafika.

Kikundi kikizoea, mnaweza kuhamisha daftari hilo kwenye simu au kompyuta. Kijana anayejua jedwali la Excel anaweza kulitengeneza kwa siku moja. Faida ya kompyuta ni kwamba hujumlisha bila kuchoka, na watu wawili mahali pawili wanaweza kuona hesabu moja. Lakini haiwezi kujua ahadi ambayo mtu ameificha moyoni mwake.

NENO LA MWISHO

Tuseme jambo hili waziwazi, maana ndilo zito kuliko yote. Ahadi isiyoandikwa ina mwenyewe mmoja tu, naye ni yule mwenye ufunguo. Akija shemeji yake, vitu vipo. Akija mjane asiye na mtu wa kumsemea, vitu "vimeisha". Hatusemi kila mtunza stoo anafanya hivyo. Tunasema daftari lisilokuwa na safu ya ahadi linamruhusu kufanya hivyo, na hata akiwa mwaminifu halina njia ya kumtetea anaposhukiwa. Safu hiyo ikiwepo, na kila mwanachama akiruhusiwa kuisoma, aliyekuja kwanza atahudumiwa kwanza, mnyonge kama mwenye nguvu.

Wazee walisema ahadi ni deni. Deni huandikwa, na likilipwa hufutwa. Basi tuziandike ahadi zetu kama tunavyoandika mikopo yetu. 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, leo hii tunajua ni vitu vingapi katika stoo yetu vina wenyewe tayari? Nani anajua? Akisafiri, nani mwingine anajua?

2. Ni oda gani tulizozilipia ambazo hazijafika zote? Tunadai kiasi gani?

3. Mtu akitanguliza pesa asirudi, tutamwekea kitu chake kwa muda gani?

4. Nani kati yetu hana ufunguo wala cheo, na anaweza kuchaguliwa kuhesabu stoo mwezi huu?